Kiti cha Mbunge Kikibaki Wazi: Nani Hukijaza, na kwa Njia Gani?



Tunapokwenda vigangoni kwa utume wa mwisho wa juma, tumezoea kuulizwa juu ya Biblia, ndoa na sakramenti. Lakini lipo swali lingine ambalo limeturudia mara kadhaa katika jumuiya ndogondogo, hasa baada ya msiba wa kiongozi: “Mbunge wetu amefariki. Sasa nani atatusemea Bungeni? Na kwa nini wenzetu wa jimbo fulani walipiga kura upya, sisi tukaambiwa tusubiri?”

Swali hilo ni la haki, na aliyeuliza hakuwa analeta siasa kanisani. Alitaka kujua utaratibu wa nchi yake. Tumeona vema tulijibu kwa utulivu, wakati hakuna kampeni inayotuvuta huku na huko.

Wanaosoma falsafa na taalimungu watakumbuka kwamba hata jimbo la Kanisa huweza kubaki bila askofu. Kanuni ya 416 ya Sheria za Kanisa inataja sababu: kifo cha askofu, kujiuzulu kukikubaliwa na Baba Mtakatifu, kuhamishwa, au kuondolewa. Kanuni ya 421 inataka msimamizi wa jimbo achaguliwe ndani ya siku nane. Jimbo la uchaguzi halina msimamizi wa namna hiyo. Mbunge akiondoka, kiti chake kinabaki kitupu mpaka sheria ikijaze. Hapo ndipo uzito wa jambo hili ulipo.

Kwanza, tujue ni kiti cha aina gani

Wengi wetu tukisikia “mbunge” tunamfikiria yule tuliyempigia kura jimboni. Lakini Ibara ya 66 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 inataja wabunge wa aina mbalimbali, na kila aina ina mlango wake wa kuingilia. Kiti kikiwa wazi, kwa kawaida hujazwa kupitia mlango uleule.

Wa kwanza ni wabunge wa majimbo, waliochaguliwa moja kwa moja na wananchi. Katika Uchaguzi Mkuu wa Oktoba 2025 majimbo yalikuwa 272. Kiti cha jimbo kikiwa wazi, hujazwa kwa uchaguzi mdogo.

Wa pili ni wabunge wanawake wa viti maalum. Hawa hupatikana kutokana na orodha ambazo vyama huwasilisha Tume ya Uchaguzi, na vyama hugawiwa viti kwa kadiri ya kura vilizopata. Mmoja wao akifariki au akipoteza ubunge, hakuna uchaguzi mdogo. Tume humtangaza mwanamke mwingine wa chama kilekile.

Wa tatu ni wabunge watano wanaochaguliwa na Baraza la Wawakilishi la Zanzibar kutoka miongoni mwa wajumbe wake. Nafasi ikitokea, ni Baraza hilo linalochagua mwingine.

Wa nne ni wabunge wasiozidi kumi wanaoteuliwa na Rais, ambao angalau watano kati yao wanapaswa kuwa wanawake. Mmoja akiondoka, Rais anaweza kuteua mwingine. Neno “wasiozidi” lina maana yake: halimlazimishi Rais kujaza nafasi zote kumi.

Yupo pia Mwanasheria Mkuu wa Serikali, ambaye ni mbunge kwa sababu ya cheo chake. Akibadilishwa, anayeshika cheo hicho ndiye anayeingia Bungeni. Na Spika akichaguliwa kutoka nje ya wabunge, naye huwa mbunge kwa nafasi yake hiyo.

Kwa hiyo ukisikia kwamba mbunge amefariki na hakuna uchaguzi uliotangazwa, usiharakishe kusema kuna hila. Uliza kwanza: alikuwa mbunge wa aina gani?

Kiti huwa wazi kwa sababu gani?

Kifo na kujiuzulu ndizo sababu zinazojulikana zaidi. Lakini Ibara ya 71 ya Katiba inataja nyingine ambazo ni vema kila mpiga kura azifahamu.

Mbunge hupoteza kiti akikosa sifa zinazomwezesha kuwa mbunge. Hukipoteza akichaguliwa kuwa Rais, au akiwa Makamu wa Rais. Hukipoteza akikosa kuhudhuria mikutano mitatu ya Bunge mfululizo bila ruhusa ya Spika. Hukipoteza akithibitika kuvunja maadili ya viongozi wa umma, au asipotoa tamko la mali zake kama Katiba inavyodai. Na hukipoteza akiacha kuwa mwanachama wa chama alichokuwamo alipochaguliwa au kuteuliwa.

Tuna mifano ya karibu. Machi 2021, Dkt. Philip Mpango, aliyekuwa Mbunge wa Buhigwe mkoani Kigoma, aliteuliwa kuwa Makamu wa Rais. Hakufa wala hakufukuzwa, bali alipanda cheo. Hata hivyo kiti chake kilikuwa wazi siku hiyo, na tarehe 16 Mei 2021 wananchi wa Buhigwe walipiga kura kumpata mbunge mwingine. Siku hiyohiyo walipiga kura majirani zao wa Muhambwe, ambao mbunge wao, Atashasta Nditiye, alikuwa amefariki mwezi Februari.

Mwaka 2019 Spika alitangaza kwamba Joshua Nassari wa Arumeru Mashariki amepoteza ubunge kwa kukosa mikutano mitatu mfululizo. Miezi michache baadaye alimtangaza hivyo Tundu Lissu wa Singida Mashariki, aliyekuwa nje ya nchi akitibiwa baada ya kupigwa risasi mwaka 2017, kwa sababu ya mahudhurio na tamko la mali. Watu walibishana sana juu ya maamuzi hayo, na hapa hatuna nia ya kuurudia ubishi ule. Tunachotaka msomaji akione ni kwamba kiti cha mbunge kinaweza kupotea hata mwenyewe akiwa hai na hajaandika barua ya kujiuzulu.

Ni muhimu pia kutofautisha kiti na cheo. Januari 2022 Job Ndugai alijiuzulu uspika. Wako waliodhani Kongwa kungekuwa na uchaguzi mdogo. Haukufanyika, kwa maana aliacha uspika tu na akabaki kuwa Mbunge wa Kongwa. Vilevile mbunge akiteuliwa kuwa waziri hapotezi kiti. Kwetu Tanzania waziri ni lazima awe mbunge.

Mahakama nayo inaweza kutengua matokeo ya uchaguzi. Hata hapo kiti hakijazwi mara moja, kwani aliyetenguliwa anaweza kukata rufani. Aprili 2012 Mahakama Kuu ilitengua ubunge wa Godbless Lema wa Arusha Mjini. Desemba mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ilimrudishia. Kama uchaguzi mdogo ungefanyika katikati ya hapo, jimbo moja lingejikuta na wabunge wawili.

Hatua za uchaguzi mdogo

Tuseme sasa kiti kilicho wazi ni cha jimbo. Mambo huenda hivi.

Spika humwandikia Mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi kumjulisha kwamba kiti kiko wazi. Barua hii ndiyo inayofungua mlango. Tume haianzi kazi kwa kusikia tangazo la msiba redioni.

Tume, ambayo tangu mwaka 2024 inaitwa Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi, hutangaza ratiba: siku ya uteuzi wa wagombea, kipindi cha kampeni na siku ya kupiga kura.

Vyama hutafuta wagombea wao, mara nyingi kwa kura za maoni. Kwa kuwa Katiba yetu inamtaka mgombea awe mwanachama wa chama na apendekezwe na chama hicho, hakuna mgombea binafsi. Wagombea hurudisha fomu kwa msimamizi wa uchaguzi wa jimbo, na yeye huwateua wenye sifa. Pingamizi huwekwa na kuamuliwa.

Kisha huja kampeni, halafu kura. Wanaopiga kura ni wale tu walioandikishwa katika jimbo hilo. Kijana aliyehamia Dar es Salaam kutafuta kazi lakini jina lake likabaki kijijini, atapigia kijijini au hatapiga kabisa.

Mwenye kura nyingi kuliko wengine hutangazwa mshindi. Lakini hawezi kushiriki shughuli za Bunge kabla ya kuapishwa. Na hapewi miaka mitano mipya. Anamalizia kipindi cha yule aliyemtangulia.

Kwa nini wengine huambiwa wasubiri?

Sasa tunafika kwenye swali lenyewe la yule mwamini. Ibara ya 76 ya Katiba, inayoagiza uchaguzi mdogo ufanyike, inaweka pia mpaka: tarehe ya kuvunjwa kwa Bunge ikishajulikana, hakuna uchaguzi mdogo katika miezi kumi na miwili kabla ya tarehe hiyo.

Tuangalie majimbo mawili. Aprili 2024 Mbunge wa Kwahani, Zanzibar, alifariki. Bunge lilikuwa bado na zaidi ya mwaka mmoja, hivyo tarehe 8 Juni 2024 watu wa Kwahani walipiga kura. Novemba 2024 alifariki Dkt. Faustine Ndugulile, Mbunge wa Kigamboni, aliyekuwa amechaguliwa kuwa Mkurugenzi wa Shirika la Afya Duniani kanda ya Afrika. Kutoka hapo hadi Bunge lilipovunjwa, Agosti 2025, haikutimia hata miezi kumi. Kigamboni hakukuwa na uchaguzi mdogo. Wakazi wake walisubiri Uchaguzi Mkuu wa Oktoba 2025.

Ukiyatazama majimbo haya mawili bila kuijua Ibara ya 76, utadhani moja lilipendelewa na jingine likasahaulika. Ukiijua, utaona kwamba tofauti yao ni kalenda.

Sababu ya kanuni hii inaeleweka. Uchaguzi hugharimu fedha nyingi za umma, na mbunge anayeingia miezi michache kabla ya Bunge kuvunjwa hapati nafasi ya kufanya mengi. Lakini upande wa pili nao una hoja. Katika miezi hiyo bajeti ya nchi hujadiliwa na kupitishwa, na jimbo hilo halina mtu wake wa kusimama kuuliza juu ya barabara yao, kivuko chao au zahanati yao. Wapo wabunge wa viti maalum wa mkoa, wapo madiwani, na Halmashauri haifungwi. Hata hivyo mbunge ni mjumbe wa Halmashauri, na ndiye mwenyekiti wa kamati ya Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo. Pengo lake linaonekana.

Majirani zetu wanafanyaje?

Kenya wana kanuni zinazofanana na zetu na nyingine tofauti. Ibara ya 101 ya Katiba yao inamtaka Spika aijulishe Tume ya Uchaguzi ndani ya siku 21, na uchaguzi mdogo ufanyike ndani ya siku 90 tangu kiti kiwe wazi. Hawafanyi uchaguzi mdogo endapo kiti kimekuwa wazi katika miezi mitatu ya mwisho kabla ya uchaguzi mkuu. Kwetu ni miezi kumi na miwili, kwao ni mitatu. Tena kwao mbunge akiwa waziri huacha ubunge, hivyo kila baraza la mawaziri linapobadilishwa, huenda jimbo fulani likarudi kwenye kura.

Lakini sheria nzuri peke yake haitoshi. Machi 2023 Mbunge wa Banissa, katika kaunti ya Mandera, alifariki katika ajali ya barabarani. Kwa hesabu ya siku 90, kiti chake kilipaswa kujazwa kabla ya Julai. Bahati mbaya, tangu Januari mwaka huo Tume ya Uchaguzi ya Kenya haikuwa na makamishna, na wapya hawakuapishwa hadi Julai 2025. Watu wa Banissa walipiga kura tarehe 27 Novemba 2025, baada ya zaidi ya miaka miwili na nusu bila mbunge. Siku 90 ziliandikwa kwenye Katiba, lakini hakukuwa na wa kuzitekeleza.

Kiti ni cha nani?

Tumeeleza utaratibu. Yapo maswali ambayo utaratibu haujibu, na hayo ndiyo yanayotugusa zaidi.

La kwanza ni hili: kiti ni cha wananchi au cha chama? Tumeona kwamba mbunge akiacha uanachama wa chama chake, anapoteza ubunge. Mwaka 2017 wabunge wanane wa viti maalum wa CUF walifukuzwa na chama chao wakati wa mgogoro wa uongozi, wakapoteza ubunge, na Tume ikateua wanawake wengine wanane wa chama hichohicho. Hakuna mwananchi aliyeulizwa. Kwa viti vinavyotoka kwenye orodha za vyama, mtu anaweza kusema ndivyo vilivyo. Lakini kanuni hiyohiyo inamhusu pia mbunge wa jimbo, ambaye maelfu ya watu walimpigia kura kwa jina lake.

Wanaoitetea kanuni hii husema mtu aliyeingia kwa tiketi ya chama asiuze imani ya waliomchagua. Wanaoipinga husema inamfanya mbunge aogope viongozi wa chama kuliko wapiga kura. Hoja zote mbili zina ukweli ndani yake, na mwamini mwenye kufikiri anapaswa kuzipima zote.

La pili linahusu wale wanaojiuzulu kwa hiari. Mwishoni mwa mwaka 2017 Maulid Mtulia wa Kinondoni, aliyekuwa CUF, na Dkt. Godwin Mollel wa Siha, aliyekuwa CHADEMA, walijiuzulu na kujiunga na CCM. Tarehe 17 Februari 2018 ulifanyika uchaguzi mdogo katika majimbo hayo, na wote wawili walirudi Bungeni kwa viti vilevile walivyoviacha, wakiwa na chama kipya. Wengine walifuata njia hiyo. Sheria haikatazi. Mtu ana haki ya kubadili msimamo wake, na kurudi kwa wapiga kura kuwaomba upya ni jambo la uungwana kuliko kuhama na kiti. Lakini gharama ya uamuzi wa mtu mmoja hulipwa na wote.

Na gharama si fedha tu. Siku moja kabla ya kura ile ya Kinondoni, polisi walipokuwa wakiwatawanya waandamanaji jijini Dar es Salaam, risasi ilimpata binti mwanafunzi wa chuo aliyekuwa ndani ya daladala. Alifariki. Hakuwa mgombea wala mwandamanaji, alikuwa abiria. Tunapozungumza juu ya uchaguzi “mdogo”, tumkumbuke. Kiti kimoja cha Bunge hakilingani na uhai wa mtu mmoja.

La tatu ni matokeo kuaminika. Mwaka 2021 jimbo la Konde, Pemba, lilipiga kura mara mbili. Mbunge wao wa ACT-Wazalendo alifariki mwezi Mei. Uchaguzi mdogo ulifanyika tarehe 18 Julai, mgombea wa CCM akatangazwa mshindi, ACT-Wazalendo wakayakataa matokeo, na muda mfupi baadaye aliyetangazwa akajiuzulu. Tarehe 9 Oktoba watu wa Konde walirudi vituoni, na safari hii mgombea wa ACT-Wazalendo alishinda. Kumbe kiti kinaweza kujazwa kwa karatasi na bado kikaonekana kitupu machoni pa watu.

Sisi tufanye nini?

Kwa waamini walei, la kwanza ni kuhakikisha jina liko kwenye Daftari la Kudumu la Wapiga Kura, na liko mahali unapoishi. Uchaguzi mdogo huja ghafla. Anayengoja msiba ndipo atafute kadi, mara nyingi hukuta muda umepita.

La pili ni kutodharau kura hiyo. Katika uchaguzi mdogo huwa rahisi kusema, “Ni jimbo moja tu, tena kwa muda mfupi.” Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Gaudium et Spes namba 75, unatukumbusha kwamba kupiga kura kwa uhuru kwa ajili ya manufaa ya wote ni haki na pia ni wajibu. Haukuweka tofauti kati ya uchaguzi mkubwa na mdogo. Tena watu wanapokuwa wachache vituoni, kura moja huwa na uzito zaidi.

La tatu ni kuuliza maswali yanayofaa. Mgombea wa uchaguzi mdogo hana miaka mitano. Akikuahidi mambo ya miaka ishirini, muulize atafanya nini katika kipindi kilichobaki, na ni kazi gani ya mtangulizi wake atakayoiendeleza.

Kwa sisi waseminari, na kwa mapadre wetu, mipaka ni tofauti. Kanuni ya 287 haiwaruhusu makleri kushiriki kwa utendaji katika vyama vya siasa. Sisi bado hatujafika huko, lakini tunajizoeza. Kuwaeleza watu Katiba inasema nini ni kuwahudumia. Kuwaambia wampigie nani ni kuwanyang’anya kazi ya dhamiri zao. Katika jumuiya ndogondogo yenye familia kumi na mbili huenda kuna wafuasi wa vyama vitatu, na wote watasali pamoja Alhamisi ijayo, kura ziwe zimekwenda upande wowote.

Basi, mwamini uliyetuuliza, jibu letu ni hili. Kama aliyefariki alikuwa mbunge wa jimbo, na Bunge bado lina zaidi ya mwaka mmoja, mtapiga kura, baada ya Spika kuiandikia Tume na Tume kutangaza siku. Kama umebaki mwaka mmoja au chini ya hapo, mtasubiri. Kama alikuwa wa viti maalum, Tume itamtangaza mwingine wa chama chake. Na kama aliteuliwa na Rais, ni Rais atakayeamua.

Wakati mnasubiri, diwani wenu yupo na Halmashauri iko wazi. Andikeni shida zenu, mziwasilishe huko, mtunze nakala. Atakayekuja kukaa kwenye kiti hicho aikute orodha iko tayari mezani.